Maganda Yanayovuka Bahari

Gunia la korosho ghafi linalopangwa ghalani Mtwara huwa na kilo 80. Zibangue vizuri, zikaushe, menya ile ngozi nyekundu inayofunika karanga, yaani kiini cha korosho kinacholiwa, kisha pima: utabaki na kilo 20, au zaidi ya hapo kidogo kama mzigo ulikuwa wa daraja la kwanza. Zilizobaki ni ganda, mafuta makali yaliyomo ndani ya ganda, ngozi na unyevu. Kila msimu, kuanzia Oktoba hadi Januari, sehemu kubwa mno ya mavuno ya Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani husafirishwa kwa meli ikiwa kama ilivyotoka shambani, ikielekea Vietnam na India. Huko ndiko ganda linakoondolewa, na karanga nyingi hupakiwa upya kwenda Ulaya na Marekani. Takriban robo tatu ya uzito tunaouvusha Bahari ya Hindi, kwa hiyo, ni kitu ambacho hakuna mlaji atakayekitia kinywani.

Taarifa za biashara ya nje huhesabu fedha za kigeni zilizoingia, na kwa hesabu hiyo korosho ni zao la kujivunia, kwa kuwa limekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mazao yanayoiingizia Tanzania fedha hizo kwa wingi. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Lakini bidhaa inayovuka mpaka huacha alama nyuma yake: katika viwanda vilivyopo na visivyokuwapo, katika mikono ya wanaoifanyia kazi, na katika udongo ulioizaa. Tumebishana miaka mingi kuhusu ushuru na kuhusu mashine. Kwa maoni yangu, swali lililostahili kutangulia yote hayo ni jingine: nani ana fedha ya kununua korosho za mwaka mzima ndani ya wiki chache za mnada?

Kubangua tulikwisha kujaribu, tena kwa kishindo. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000, ikiwa pamoja na Msumbiji miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Wakati huo sehemu kubwa ya mavuno ilikwenda India kubanguliwa kwa mikono, hasa Kollam katika jimbo la Kerala. Serikali iliona, kwa haki kabisa, kwamba kazi hiyo ingeweza kufanyika nyumbani, na kwa mikopo, ikiwamo ya Benki ya Dunia, vikajengwa viwanda vilivyofikia 12 mwanzoni mwa miaka ya 1980, vyenye uwezo wa jumla wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Likombe, Newala, Masasi, Mtama, Nachingwea, Lindi, Tunduru na Kibaha zilipata majengo makubwa na mitambo iliyotoka Italia na Japani.

Viwanda vilipokamilika, korosho hazikuwapo tena. Uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa uliwatenga wakulima wengi na mikorosho yao. Sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ikapungua hadi palizi ikawa haimlipi. Na ugonjwa wa ubwiri unga ukaikuta mikorosho ikiwa imetelekezwa. Msimu wa 1986/87 ulitoa takriban tani 16,500 tu. Baadhi ya viwanda havikuwahi kufanya kazi hata siku moja, na vile vilivyofanya vilivunja karanga nyingi kupita kiasi. Kwa msomaji asiyelijua zao hili, kuvunjika ni jambo kubwa: karanga nzima huuzwa kwa madaraja kama W320, yaani karanga takriban 320 katika ratili moja, na karanga hiyo hiyo ikipasuka vipande hupoteza sehemu kubwa ya bei yake. Mtambo unaobangua haraka na kuvunja ovyo hupunguza thamani badala ya kuiongeza.

Baadaye zao lilifufuka, na sifa kubwa hapa ni ya watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, karibu na Mtwara mjini, waliowafundisha wakulima kupambana na ubwiri unga kwa salfa na kuzalisha miche bora. Viwanda havikufufuka nalo. Vilibinafsishwa, na vingi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Kwa mfanyabiashara aliyenunua kiwanda hicho uamuzi huo ulikuwa na mantiki: ghala lilimrudishia fedha ndani ya miezi miwili, na ubanguaji ungemrudishia ndani ya mwaka, akibahatika. Tofauti hii ya muda wa kurudi kwa fedha nitairudia.

Ng'ambo ya Mto Ruvuma mambo yalikwenda kwa namna nyingine, na inafaa kuyatazama kwa sababu nadharia ya biashara huria ilijaribiwa pale bila kificho. Mwaka 1995 Msumbiji, ikiwa inahitaji mikopo, ilikubali shinikizo la Benki ya Dunia la kupunguza ushuru wa kusafirisha korosho ghafi. Hoja ilikuwa kwamba ushuru unamnyonya mkulima ili kulisha viwanda visivyo na tija, na kwamba ukipungua bei ya shambani itapanda. Bei ilipanda, ila kidogo mno: wanauchumi waliofanya hesabu mwaka 2002 walikadiria kwamba faida ya mageuzi kwa kaya ya wastani inayolima korosho ilikuwa kama dola 5.30 kwa mwaka. Viwanda vikubwa vilifungwa kimoja baada ya kingine, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, walipoteza ajira. Serikali ya Maputo ikalazimika kuupandisha tena ushuru hadi kati ya asilimia 18 na 22. Waliokuwa na ujuzi wa kubangua walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Wapo wanaoitumia habari ya Msumbiji kuthibitisha kwamba ushuru mkubwa ndio dawa. Mimi naisoma kwa tahadhari zaidi, kwa sababu Tanzania imekuwa na ushuru wa aina hiyo kwa miaka mingi: asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini, au dola 160 kwa tani, ikichukuliwa ile iliyo kubwa zaidi. Na bado korosho nyingi zimeendelea kuondoka ghafi. Mnunuzi anayejua kwamba atalipa ushuru bandarini huuondoa mapema katika bei anayoiandika kwenye zabuni yake, hivyo anayeubeba mwishowe ni mkulima wa Tandahimba au Liwale. Ushuru wa namna hii unaweza kutetewa mbele ya mkulima kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba fedha yake inajenga kitu ambacho naye kitamfaa. Ndiyo maana mjadala wa bungeni wa Juni 2018 ulikuwa mkali kiasi kile. Kwa utaratibu wa awali, asilimia 65 ya makusanyo ilirudi kwenye zao kwa ajili ya pembejeo, utafiti na uendelezaji wa ubanguaji, na asilimia 35 ikaenda Hazina. Sheria ilipobadilishwa ili fedha yote iingie Mfuko Mkuu wa Serikali, wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu, na naamini walikuwa na hoja.

Miezi michache baadaye zao likaingia katika mtikisiko mkubwa kuliko wowote wa miaka ya karibuni. Msimu uliotangulia, wa 2017/18, ulikuwa umetoa takriban tani 313,000, na bei katika minada ilikuwa imefikia shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 wanunuzi walikuja na bei ndogo sana, na wakulima wakagoma kuuza. Novemba, Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na Jeshi la Wananchi lizisombe, akitaka zibanguliwe nchini. Huruma kwa mkulima ilikuwapo katika uamuzi ule, na hasira dhidi ya wanunuzi waliopanga bei ilieleweka. Lakini uwezo wa kubangua mzigo wa ukubwa ule haukuwapo, na kiwanda hakijengwi kwa amri ya wiki moja. Korosho zilikaa maghalani miezi mingi, wakulima wengi wakasubiri malipo hadi msimu wa kupalilia ukawapita, na mwishowe sehemu kubwa ya mzigo ikauzwa ikiwa ghafi.

Sasa nirudi kwenye fedha. Chukua, kwa mfano tu, kiwanda cha kubangua tani 5,000 kwa mwaka, ambacho si kikubwa kwa viwango vya Vietnam. Korosho zetu huuzwa katika minada ya vyama vikuu vya ushirika, kama vile MAMCU, TANECU na RUNALI, kwa muda wa miezi mitatu au minne tu. Baada ya hapo hakuna cha kununua hadi Oktoba nyingine. Mbanguaji anayetaka kuwapa wafanyakazi wake kazi ya mwaka mzima lazima anunue tani zote 5,000 katika kipindi hicho, na bei ikiwa shilingi 3,000 kwa kilo anahitaji shilingi bilioni 15 kabla hajauza karanga hata moja. Mzigo huo ukipungua taratibu mwaka mzima, kwa wastani atakuwa na deni la bilioni 7.5, kwa riba ya asilimia 15 atalipa kama bilioni 1.1, wakati mshindani anayekopa kwa asilimia 5 atalipa chini ya milioni 400. Tofauti hiyo pekee ni karibu shilingi 150 kwa kila kilo ya korosho ghafi.

Mshindani wa Asia hata hana haja ya kubeba mzigo wa mwaka. Kiwanda kilichoko Binh Phuoc, nchini Vietnam, hununua Tanzania mwishoni mwa mwaka, kisha huhamia Afrika Magharibi na Kambodia mavuno yao yanapoanza baada ya mwaka mpya. Kwa kuwa msimu wetu huangukia wakati ambao mashamba mengi ya kaskazini mwa ikweta hayana kitu, sisi ndio tunaokiwezesha kiwanda hicho kutolala. Fedha yake huzunguka mara kadhaa kwa mwaka, na bei ya karanga ikianguka mwezi Machi, anachopoteza ni sehemu ya miezi michache. Mbanguaji wa Masasi aliyenunua mzigo wote Novemba hupoteza kwa mwaka mzima.

Mtu atauliza: je, ushuru wa dola 160 kwa tani haufidii tofauti hiyo? Kwenye karatasi unaifidia, hata kuizidi. Lakini faida ya ushuru huonekana siku ya kuuza karanga, wakati fedha inahitajika siku ya mnada, na mshindi wa mnada hupewa siku chache tu za kulipa. Asiyekopesheka siku hiyo haokolewi na kinga atakayoipata miezi minane baadaye. Mara kadhaa wabanguaji wa ndani wamepewa nafasi ya kununua kabla ya wasafirishaji, jambo jema, ila kumtanguliza mtu kwenye foleni hakumfai kama mfuko wake ni mtupu. Hali hiyo imewasukuma baadhi ya wenye leseni za ubanguaji kufanya kilicho rahisi, yaani kutumia nafasi hiyo kupata mzigo na kuuza ghafi.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba chombo cha kutatua jambo hili tunacho. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/08, kwa asili yake ni chombo cha mikopo: mzigo uliopimwa na kuwekwa katika ghala lenye leseni huwa dhamana, na stakabadhi yake inaweza kushikwa na benki. Sisi tumeutumia karibu wote kama njia ya kukusanya na kuuza, na kwa hilo umemsaidia mkulima kumkwepa mchuuzi wa kangomba, anayenunua kijijini kwa bei ya kutupa nje ya mfumo rasmi. Hatujautumia vya kutosha upande wa pili wa mnada. Benki ingeweza kununua pamoja na mbanguaji, korosho zikabaki ghalani chini ya ufunguo wa mwendesha ghala, na zikatolewa mwezi kwa mwezi kadiri karanga zinavyouzwa na deni kupungua. Sehemu ya ushuru wa korosho zinazotoka ghafi ingewekwa kuwa dhamana ya hasara na kuipunguza riba. Hapo mkulima anayekatwa katika bei yake angekuwa amechangia kumtengeneza mnunuzi mwingine wa kushindania mzigo wake, naye mnunuzi huyo yuko wilaya ya jirani.

Mambo haya ya riba yanaweza kuonekana kuwa mbali na mfanyakazi, kumbe ndiyo yanayopanga kalenda yake. Ubanguaji katika nchi zote ni kazi ya wanawake kwa sehemu kubwa, na wengi hulipwa kwa kilo walizomaliza. Mafuta ya ganda yana tindikali inayounguza ngozi, ndiyo maana wabanguaji wa mikono hupaka vidole vyao majivu au mafuta ya kula, na ndiyo maana vidole vya mama aliyebangua nyumbani kwa miaka mingi unavitambua. Katika kiwanda kinachotumia mvuke, glavu na mashine za kupasulia, hatari hiyo hupungua sana. Kiwanda kikiishiwa korosho Aprili, hata hivyo, wafanyakazi hurudishwa nyumbani, na meneja hana sababu ya kuwekeza katika ujuzi wa mtu ambaye hajui kama atamrudia. Mkono unaojua kumenya ngozi bila kuvunja karanga hujengwa kwa miezi ya mazoezi. Kila tunapokatiza mwaka wa kazi tunaanza tena na mikono migeni, tunavunja karanga nyingi, kisha tunaambiwa kwamba wabanguaji wa Tanzania hawana tija.

Sitaki kutia chumvi idadi ya ajira zitakazopatikana. Vietnam, ambayo miaka ya 1990 ilikuwa bado mgeni katika biashara hii, ilitengeneza mashine zake yenyewe na mwaka 2006 ikaipita India katika kuuza karanga nje. Mashine hizo hufanya leo sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa na mikono. Kumenya na kuchambua bado kunahitaji watu, lakini anayeahidi kwamba kila tani itaajiri kama ilivyoajiri Kollam miaka 40 iliyopita anawadanganya vijana wa Newala.

Kuhusu mazingira, upande unaozungumzwa kidogo zaidi ni udongo. Kuanzia katikati ya mwaka mashamba ya kusini hufunikwa na vumbi la salfa linalopulizwa kwa mabomba, maelfu ya tani kila msimu, na salfa hiyo nayo inaagizwa kutoka nje. Inazuia ubwiri unga, na bila hiyo zao lisingefufuka. Hilo lazima lisemwe. Lakini salfa ikiingia ardhini huongeza uchachu, na udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde una uwezo mdogo wa kuuhimili. Mnunuzi wa mnadani hupima unyevu na kiasi cha karanga ndani ya ganda, na hakuna mahali katika zabuni yake panapoandikwa hali ya udongo utakaobaki baada ya miaka 20. Ruzuku ya pembejeo nayo, kwa kuwa hupimwa kwa tani za salfa zilizogawiwa, humvuta mkulima kupuliza zaidi badala ya kupogolea, kupunguza msongamano wa mikorosho na kupanda miche inayostahimili ugonjwa, mambo ambayo Naliendele imekuwa ikiyafundisha siku zote. Kwa mtazamo wangu sehemu ya fedha ya ushuru ilipaswa kulipia upimaji wa udongo na chokaa ya kilimo kwa uzito ule ule unaolipiwa salfa.

Na kuna ganda. Likichomwa ovyo hutoa moshi mkali unaochoma macho na kifua, na likitupwa mafuta yake huchafua ardhi. Kiwanda kibovu cha korosho ni jirani mbaya, na wakazi wana haki ya kukikataa. Katika kiwanda kizuri ganda hilo hilo huwasha boila, likachukua nafasi ya kuni, na mafuta yake hukamuliwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa rangi na wa breki za magari. Wabanguaji wa Vietnam hupata kipato hicho cha pili kutoka katika maganda yaliyozaliwa Nanyumbu. Tunapouza ghafi tunauza na nishati ya kuendeshea kiwanda cha mwenzetu, na bei ya mnada haionyeshi nishati hiyo popote.

Ivory Coast, mzalishaji mkubwa kuliko wote leo, imefuata njia inayofaa kuangaliwa. Pamoja na kutoza ushuru kwenye korosho ghafi, imekuwa ikiwalipa wabanguaji ruzuku kwa kila kilo ya karanga wanayoitoa, na imewapa wabanguaji wa ndani kipaumbele cha kununua kabla ya wasafirishaji. Ruzuku hulipwa baada ya karanga kuonekana, si baada ya ahadi ya kujenga, na sehemu ya zao inayobanguliwa nchini humo imekua mwaka hadi mwaka. Tanzania kwa upande wake imetangaza nia ya kukomesha usafirishaji wa korosho ghafi na imetenga eneo la Maranje, mkoani Mtwara, kwa ajili ya kongani la viwanda. Naunga mkono nia hiyo. Ila majengo tulishakuwa nayo 12, na kufunga bandari kwa korosho ghafi kabla wabanguaji hawajapata uwezo wa kununua kutamrudisha mkulima katika msimu ule wa 2018, akiwa na mzigo ghalani na hana mnunuzi.

Kwa hiyo kongani hilo likianza kazi, sitalipima kwa idadi ya mashine zitakazozinduliwa wala kwa tani zilizoandikwa kwenye leseni. Nitauliza katikati ya Aprili, minada ikiwa imekwisha na meli zimeondoka, mabibo ya mwisho yakiwa yameoza chini ya mikorosho: katika maghala ya Maranje kuna magunia mangapi yenye stakabadhi ya mbanguaji, na yatawatosha wanawake walio kwenye meza za kumenya hadi mwezi gani.